Nani Yumo Ndani ya Kioo?

Ukurasa huu haukuzoea kuzungumza habari za michezo ya televisheni, na huenda wengine wenu watatulaumu kwa kuacha mambo ya mkonge, reli na mishahara, tukageukia mambo ya starehe. Twaomba mtuvumilie. Tuliyoyaona Mikumi mwezi uliopita yalikuwa starehe kwa nje tu. Ndani yake mlikuwa na jambo ambalo limekwisha kuua watu katika nchi yetu, nasi hatuoni vema kulinyamazia.

Tulikuwa tumemaliza shughuli zetu mjini Kilosa, tukashika njia ya Mikumi ili tupate basi la Dar es Salaam. Gari tulilopanda likaharibika, tukafika usiku, na mabasi yote yalikwisha pita. Tukapanga chumba. Joto lilikuwa kali na usingizi haukutaka kuja. Basi tukatoka kutafuta kahawa, tukafuata sauti ya kipaza sauti mpaka kwenye banda moja la mabati nyuma ya maduka, la namna ile ambayo vijana huiita kibanda umiza. Kiingilio shilingi mia tano. Ndani mlikuwa na watu wapata arobaini juu ya mabenchi: madereva wa malori na utingo wao, wahudumu wa hoteli za watalii, mama lishe wawili waliokwisha funga kazi, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, na askari mmoja wa wanyamapori aliyekuwa mapumzikoni. Kando ya televisheni alikaa kijana mwenye kipaza sauti mkononi. Kazi yake ni kuyafasiri kwa Kiswahili yasemwayo, na pale yasipomtosha huongeza yake.

Mchezo wenyewe ni wa Kimarekani, jina lake Twin Peaks, nao ulitungwa na David Lynch, aliyefariki Januari 2025, pamoja na mwenzake Mark Frost. Ulianza kuonyeshwa huko kwao tarehe 8 Aprili 1990. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwaka 1973, lakini Bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo mchezo huu umewafikia watu wa Mikumi baada ya miaka thelathini na zaidi, ndani ya flashi iliyo ndogo kuliko kidole. Hata hivyo walikuwa wakiutazama kama habari ya jana.

Kisa chake chasimuliwa upesi. Katika mji mdogo wa kupasua mbao, karibu na mpaka wa Kanada, msichana aitwaye Laura Palmer aonekana amekufa ufukweni, amefungwa ndani ya karatasi za plastiki. Mji wote wamlilia, kwani alikuwa kipenzi cha wote: mwanafunzi mzuri, mwenye kuwapelekea wagonjwa chakula, malkia wa shule. Serikali kuu yamleta mpelelezi, Dale Cooper, kijana nadhifu mwenye kupenda kahawa mno (kwa hilo tulimpenda mara moja). Naye kila afunuapo jambo aona kwamba Laura alikuwa wawili. Laura wa mchana walimjua watu wote. Laura wa usiku, mwenye kutumia dawa za kulevya na kuuza mwili wake katika danguro ng'ambo ya mpaka, hawakumjua ila wale waliomnunua.

Na si Laura peke yake. Aja binamu yake, Maddy, aliyefanana naye kwa kila kitu ila nywele na miwani, na kwa hakika mchezaji wake ni yule yule, Sheryl Lee. Mwenye hoteli kubwa, mtu wa heshima zake, ndiye mmiliki wa siri wa lile danguro, naye ala njama ya kukichoma moto kiwanda cha mbao ili apate ardhi yake. Ndani ya kiwanda hicho mna vitabu viwili vya hesabu: kimoja cha kuonyeshwa watu, na kimoja cha kweli kilichofungiwa sandukuni. Hapo tulisikia benchi la nyuma wakicheka kicheko cha watu wajuao. Hata bundi hutokea mara kwa mara juu ya miti wakitazama, na mchezo unadokeza kwamba bundi hao si bundi. Mmarekani huhitaji kufafanuliwa maana yake. Mikumi hapakuhitajika maelezo: mama lishe mmoja alijifunika kanga kichwani.

Usiku ule tuliokuwapo ndio uliokuwa usiku wa kumjua mwuaji. Kwa Wamarekani sehemu hiyo ilionyeshwa Novemba 1990. Baba yake Laura, wakili, mtu mpole ambaye nywele zake zimegeuka nyeupe kwa usiku mmoja kwa sababu ya msiba, asimama mbele ya kioo akijitengeneza tai. Ajitazama. Na ndani ya kioo, badala ya uso wake, yumo mtu mwingine: mwanamume mwenye nywele ndefu za mvi na meno ya kucheka vibaya, ambaye mchezoni huitwa Bob. Kisha baba huyo, au huyo wa ndani ya kioo, amwua Maddy, mtoto wa ndugu, kama alivyomwua binti yake mwenyewe.

Twaomba ruhusa tutoke nje ya njia kidogo, kwa maana jambo hili ni la ajabu na ni la kweli. Aliyecheza kama Bob, Frank Silva, hakuajiriwa kuwa mchezaji. Alikuwa fundi wa kupanga samani katika nyumba za kupigia picha. Siku moja walipokuwa wakimpiga picha mama yake Laura, sura ya Silva ikanaswa kwa bahati katika kioo cha ukutani. Mwongozaji mwingine angeamuru picha irudiwe. Lynch akaiacha, na yule mfanyakazi wa kusogeza viti akawa ndiye shetani wa mchezo mzima. Basi hata huyo mtu wa kiooni alizaliwa kiooni.

Turudi bandani. Sura ile ilipotokea, mfasiri wetu alinyamaza muda wa kuvuta pumzi moja, kisha akasema kwa sauti kubwa: "Jini! Jini limempanda baba!" Banda zima likapiga kelele, na kelele zilipotulia hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Baba hana kosa. Utingo mmoja alisimama akisema: "Mwacheni mzee wa watu, si yeye, ni jini!" Wengi wakamwunga mkono. Mama lishe akaongeza kwamba atafutwe aliyemtupia jini hilo, na huyo ndiye wa kuulizwa.

Tazameni, wasomaji, kazi iliyofanywa na neno moja. Katika Kiingereza mchezo haukusema jini; kwa muda mrefu haukusema ni nini. Baada ya baba huyo kukamatwa na kufa akiwa mahabusu, watu wa serikali waliohusika na upelelezi wakaa msituni wakijadiliana. Mmoja wao aona vigumu kuamini kwamba roho mbaya yaweza kumwingia mtu. Cooper amjibu kwa kumwuliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba baba aliweza kumnajisi na kumwua mwanawe wa kumzaa. Mwingine asema labda huyo Bob ni jina tu la ubaya ambao wanadamu hutenda. Watungaji wakaliacha suala hapo, wazi, ili kila mtazamaji alale nalo. Mfasiri wetu, kwa neno lake jini, alilifunga. Hatumlaumu. Alikuwa na nusu dakika ya kuchagua, na wateja arobaini wakimngoja.

Aliyelifungua tena alikuwa mzee wa reli. Alingoja mpaka wote wakaisha kusema, akauliza polepole: "Wanangu, yule marehemu wa pili alitiwa wapi?" Wakamwambia: katika mfuko wa kubebea fimbo za gofu, ndani ya buti la gari. "Na nani aliyemtia?" Baba. "Na polisi walipomsimamisha njiani, aliwaambia nini?" Kijana mmoja akakumbusha kwamba aliwachekea, akataka hata kumwonyesha Cooper fimbo zake mpya. Mzee akasema: "Mimi nimefanya kazi ya breki miaka thelathini. Nimeona watu waliopandwa na mashetani, nimeona na wezi wa mizigo. Aliyepandwa hafichi. Huanguka pale pale mbele za watu, na akiinuka hakumbuki. Huyu anaficha. Mwenye kuficha anajua."

Hatujapata kusikia hakimu akisema vizuri zaidi. Wala mzee hakudai kwamba majini hayapo. Hilo hakuligusa kabisa. Alishika jambo moja lililotendeka kwa mikono, maiti kutiwa katika mfuko, akalifuata hilo mpaka kwa mwenye mikono.

Njia hiyo si ngeni katika fasihi yetu. Wasomaji wa umri wetu na waliotutangulia wamjua Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Mtungaji wao, Muhammed Said Abdulla, mwenyeji wa Unguja, alikuwa mtu wa magazeti kama sisi. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilipata tuzo katika mashindano ya utungaji ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, kikachapwa mwaka 1960. Watu husema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevikwa mavazi ya Unguja, na si uongo. Lakini Holmes wa London alipambana na wauaji waliojificha katika ukungu. Bwana Msa alikuta jambo zito kuliko ukungu. Mtu ameuawa mahali pa mzimu, na kwa kuwa mahali hapo paogopwa, hofu yenyewe ndiyo pazia la mwuaji. Hapana mlinzi bora kwa mhalifu kuliko roho ambayo hapana mtu athubutuye kuihoji. Bwana Msa aihoji. Aliondoa mzimu katikati, akaurudisha uuaji kwa binadamu, nasi tuliosoma kitabu hicho shuleni kwa zamu, nakala moja kwa vijana sita, twakumbuka tulivyoona kana kwamba mtu amefungua dirisha.

Lugha yetu yenyewe imewaza sana juu ya mambo haya. Mpelelezi zamani aliitwa askari kanzu, kwa sababu aliacha sare yake akavaa kanzu kama watu wengine. Naye ni mtu wa nafsi mbili! Anamfukuza aliyejificha kwa kujificha yeye. Na methali yasema kikulacho ki nguoni mwako. Kinachokula hakiko kaburini wala juu ya mbuyu, ki nguoni.

Twatoka Kilosa, na katika wilaya hiyo kuna Msowero. Kila mtoto wa shule wa Tanzania amesoma habari za Mangungo wa Msowero. Mwaka 1884 walikuja Wajerumani, Karl Peters na wenzake, ambao walikuwa wamesafiri kwa majina ya uongo, wakijifanya mafundi na watu wa kawaida ili wasitambulikane. Mwezi wa Novemba mwaka huo Peters aliketi na Mangungo kama rafiki. Karatasi iliyotiwa alama siku hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, na yaliyosemwa kwa mdomo yalikuwa urafiki, na yaliyoandikwa yalikuwa ardhi. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani aliipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi juu ya Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami. Mpaka leo mkataba mbaya huitwa mkataba wa Mangungo, jambo ambalo twaona ni dhuluma ya pili kwa mzee huyo, kwa maana anayestahili kutajwa ni yule aliyekuwa na sura mbili.

Twakumbusha habari hii kwa sababu katika wilaya ile ile ambako watu waliketi wakibishana juu ya jini la kiooni, nafsi ya siri iliyoleta madhara makubwa kuliko zote haikuwa jini. Ilikuwa mtu mwenye jina la uongo, kalamu na karatasi. Na kama vile vitabu viwili vya hesabu vya kiwanda cha mbao, karatasi ilibaki, ndiyo sababu twaweza kumshtaki hata leo. Yule mwenye hoteli katika mchezo naye hakuwa na Bob yeyote. Alikiteketeza kiwanda akiwa na akili zake timamu, wala hapana aliyeinuka bandani kusema si yeye. Kwa nini tajiri mwenye njama twamhukumu kwa matendo yake, na baba mwuaji twamtafutia jini? Twadhani ni kwa kuwa la tajiri twalizoea, na la baba latutisha.

Asubuhi mabasi yalipita nasi hatukupanda. Tulitaka kuona mwisho. Kijana mfasiri alitueleza kwamba vipande vingi vya baada ya kifo cha baba havina utamu, kwa hiyo angeruka mpaka cha mwisho. Na wachambuzi wengi wa huko huko Marekani wamekubaliana naye.

Katika sehemu hiyo, iliyoonyeshwa tarehe 10 Juni 1991, Cooper aingia mahali pa kuzimu palipotundikwa mapazia mekundu, na humo kila mtu ana pacha wake mwenye macho meupe. Pacha wa Cooper amfukuza, na mwishoni anayetoka ni pacha. Cooper wa kweli abaki ndani. Yule wa uongo aamka kitandani, aenda kupiga mswaki, ajigonga kichwa kwenye kioo, na kiooni yumo Bob. Watazamaji walingoja miaka ishirini na zaidi. Mchezo uliporudi mwaka 2017, katika sehemu kumi na nane, Cooper wa kweli alikuwa bado mfungwa, na wa uongo alikuwa akitembea duniani akiua na kutajirika.

"Msukule!" akasema mfasiri, na safari hii hatuwezi kufikiri neno bora. Wasiozoea neno hili wajue kwamba yaaminiwa na wengi kuwa mchawi aweza kumchukua mtu, akawaachia ndugu kitu cha kuzika kinachofanana naye, pengine mgomba tu, nao wakazika wakalia, kumbe mtu wao yu hai, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analimishwa mashamba ya mwingine bila ujira. Wazungu wa mchezo waliiwaza taswira hiyo hiyo kwa upande wa pili: wa uongo atembea, wa kweli amefungwa.

Kama ishara, twakiri kwamba hatujui picha kali kuliko hiyo. Katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na Kilosa walikuja manamba kutoka mbali, wakaacha majina yao makwao, wakaitwa kwa namba. Mzee wa reli alituambia kwamba baba yake alikuwa mmoja wao, na kwamba mama yake husema mume aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Hapana aliyedhani kwamba mama huyo asema juu ya uchawi. Asema juu ya kazi, na njaa, na miaka. Ndivyo ishara ifanyavyo kazi yake njema: humsaidia mtu kusema kile ambacho maneno makavu hayawezi kukibeba.

Lakini ishara ikishikwa kama ushahidi, mambo huwa mengine. Kijijini kwetu, tulipokuwa wadogo, alikuwako bibi mmoja jirani, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Ndiye aliyetufundisha kuhesabu kwa mbegu za ubuyu kabla hatujaenda shule ya misheni. Kijana mmoja wa ukoo mwingine akafa ghafla, na baada ya wiki tatu mtu akasema amemwona usiku katika shamba la bibi, analima. Hapana aliyekwenda shambani kutazama kama pamelimwa. Twasema hili kwa aibu, kwa maana nasi tulipajua mahali hapo, na tulijua kwamba majani yalikuwa yamefika kiunoni. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja, hatukusema. Nyumba ya bibi ilichomwa, naye akaondoka na kikapu kimoja kwenda kwa mwanawe mjini, hakurudi tena. Wengi hawakupata hata bahati hiyo. Katika nchi ya Wasukuma wazee wa kike wameuawa kwa mapanga tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya macho mekundu. Kosa lao ni kwamba jirani aliona ndani yao mtu mwingine.

Mahakama zetu za zamani zilikutana na suala hili. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisikiliza kesi ya Uganda ya watu waliomkuta mwanamume usiku akitambaa uchi karibu na nyumba, wakamwua kwa kuamini kwamba anawaloga. Majaji walipunguza kosa lao kutoka kuua kwa kukusudia, kwa kuwa walimkuta akitenda tendo. Mwaka 1951, katika kesi nyingine ya Uganda, mahakama hiyo ilisema kwamba imani na hofu peke yake, hata ikiwa ya kweli moyoni, haitoshi. Lazima pawe na jambo lililotendwa. Majaji wale wa kikoloni, ambao kwa mambo mengine hatuna haja ya kuwasifu, walifika pale pale alipofika mzee wetu wa breki: mikono ilifanya nini?

Askari wa wanyamapori, aliyekuwa kimya usiku wa kwanza, alitusindikiza usiku wa pili mpaka mlangoni. Twaona kisa cha msukule kilimgusa. "Ndugu Mhariri," alisema, "sisi huku tunaitwa kila mara: simba kaingia kijijini, njoo. Jambo la kwanza natazama chini." Akatueleza kwamba unyayo wa simba una vidole vinne na hauna alama za makucha, kwa sababu simba huyaficha makucha yake atembeapo, fisi na mbwa makucha yao huonekana. Akatukumbusha habari ya Singida, ambayo babu yake alimsimulia, ya miaka ya 1946 mpaka 1948, watu walipouawa wakasema ni simba wa kichawi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba wauaji walikuwa binadamu waliovaa ngozi za simba, na baadhi yao wakanyongwa. "Mwenye ngozi ya simba," alisema, "bado huacha nyayo za mtu."

Asubuhi ya tatu tulipokuwa kituoni, mfasiri alitufuata. Alitupa shikamoo, akakaa kwenye sanduku la soda kando yetu. Alikuwa hajalala vizuri. Alisema mzee wa reli amemharibia kazi, kwa maana sasa kila akitaka kusema jini anamwona mzee anamtazama. Angeonyesha tena sehemu ya kioo Jumamosi, kwa wale waliokuwa safarini na malori, naye alitaka neno jingine. Tulimpa nafsi. Akatikisa kichwa: hilo ni la kanisani, watalala. Tulimpa kivuli. Alilijaribu kimya kimya, kisha kwa sauti ya kipaza sauti, watu wa kituoni wakageuka: "Kivuli chake!" Akasema si baya, lakini kivuli hakiui mtu.

Mama lishe aliyekuwa akikaanga chapati karibu yetu alisikia yote. Alimwambia: "Mwanangu, wewe akitokea kwenye kioo sema tu, Ni yeye. Halafu nyamaza." Kijana akacheka, akasema akinyamaza watadai shilingi mia tano zao. Mama akamjibu kwamba yeye hatadai. Basi likafika, tukapanda, na kupitia dirishani tulimwona bado amekaa juu ya sanduku lile, anasema kitu peke yake, anakirudia.